Shajara ya viazi vya oveni: kuutafuta ukoko

Mwanzo

Nimeamua kuandika kila raundi kwa sababu kichwa changu kinanidanganya. Kila nikioka viazi najiambia leo nafanya kama ile siku vilitoka vizuri, halafu ile siku yenyewe siikumbuki nilifanyaje, basi vinatoka mara vimelainika kama vya kuchemsha mara vimekuwa ngozi ya kiatu. Ninachotaka ni kimoja tu, nje ukoko unaovunjika kwa sauti na ndani pawe laini kabisa, ukikipasua mvuke unatoka. Sio chipsi jamani, chipsi zinaogelea kwenye mafuta, zile ni rahisi. Hivi vinakaa kwenye trei na mafuta kidogo, kazi iko hapo.

Masharti: kilo 1 kila raundi, napima baada ya kumenya, na kila raundi nabadilisha kitu kimoja tu ili nijue kilichosaidia ni nini. Hili la pili nililivunja mapema sana, mtaona. Jaji ni dada yangu mkubwa. Yeye akipenda chakula anakula kimya, akianza kuongea jua umeharibu.

Raundi ya 1

Vibichi moja kwa moja. Nimekata vipande vya ukubwa wa boksi la kiberiti, mafuta ya alizeti vijiko 4, chumvi, oveni kwenye 200, dakika 50.

Vimetoka na ngozi. Yaani nje pamekauka lakini si krispi, unatafuna unavuta, na vipande vikubwa katikati bado kuna kaugumu. Dada kasema "hivi vimeokwa au vimeanikwa?" Basi tumekula hivo hivo.

Nimekaa nikafikiria nikaona tatizo ni maji. Kiazi karibu asilimia 80 ni maji, na maji hayavuki nyuzi 100 hata oveni iwe kali vipi, kwahiyo pale juu ya kiazi panapoendelea kutoa maji panabaki kwenye 100 palepale. Sasa ile rangi ya kahawia na ile harufu tunayoitaka inaanza kuja vizuri kuanzia kama nyuzi 140 hivi, ni ile kemia ambayo Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza mwaka 1912, sukari na protini zinakutana kwenye joto zinazaa rangi na ladha. Maana yake muda mrefu kiazi changu kilikuwa kinapikwa kwa mvuke wake chenyewe tu, kuokwa kumeanza mwishoni mwishoni.

Raundi ya 2

Nimechemsha kwanza dakika 5, nimemwaga maji, oveni. Afadhali kidogo ndani pameiva pote. Nje ngozi ileile. Nilipovitoa kwenye maji vilikuwa bado vinateleza, kona zake kali kama nimevikata sasa hivi, na nadhani hapo ndo nilipokosea. Dakika 5 hazikufanya kitu kwenye uso wa kiazi. Sina zaidi ya kuandika.

Raundi ya 3

Nimechemsha mpaka uma unaingia bila kubishana, kama dakika 11, nikamwaga maji nikafunika sufuria nikaitikisa kwa nguvu. Lengo ni kuzichubua zile kona, viazi vikwaruzane, vitoke na manyoya manyoya. Wazo ni kwamba uso ulioparara una vijisehemu vingi vya kukauka na kushika mafuta kuliko uso laini, ni kama umekikata kiazi vipande mia bila kukikata.

Sasa mimi nikatikisa kama nagombana navyo. Nilipofunua nusu ilikuwa imeshakuwa viazi vya kuponda. Vile vilivyosalimika lakini, aisee, vilikuwa na ukoko wa kweli kwenye pembe, wa kwanza tangu nianze. Na ule uji uji uliokuwa umevigandia ndo uliokuwa mtamu kuliko vyote, umekauka ukawa kama chembe za mkate uliokaangwa. Nikajua niko kwenye njia. Kumbe tunachokula kikawa krispi sio kiazi chenyewe, ni ule uji wa wanga unaopakwa juu yake.

Pembeni kidogo: oveni yangu ni mwongo

Kabla ya raundi ya 4 nilipata kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni, maana nilikuwa nashangaa mbona kila maelekezo yanasema dakika 40 na mimi natumia saa zima na zaidi. Nimeweka kitufe kwenye 220, nikasubiri ile taa izime, kipimajoto kinasoma 190. Nikasubiri dakika 20 zaidi, 210. Taa inazima hewa ikishapata joto kidogo lakini kuta za oveni bado baridi, ukifungua mlango kuingiza trei joto lote linakukimbia usoni. Kuanzia leo nawasha nusu saa kabla na kitufe naweka 240 ili nipate 225 ya kweli. Wenye oveni ya feni nyie mnashusha kama nyuzi 20, upepo unasaidia kupeperusha mvuke, nawaonea wivu.

Raundi ya 4, na kosa la kijinga

Nilishasikia habari ya kuweka bekingi soda kwenye maji ya kuchemshia. Nimeweka, nimechemsha, nimetikisa, nimeoka, sikuona tofauti yoyote na raundi ya 3. Nikaanza kuandika hapa kwamba ni uzushi. Halafu wakati narudisha kopo kabatini nikasoma: bekingi pauda.

Ni vitu viwili jamani. Bekingi pauda ina soda ndani lakini imechanganywa na asidi tayari, ikigusana na maji vinamalizana vyenyewe kwa vyenyewe, povu linatoka, na hakuna alkali (kinyume cha asidi) ya maana inayobaki. Raundi imefutwa. Dada hajui mpaka leo, alikula akadhani ndo jaribio lenyewe.

Raundi ya 4, marudio

Sasa soda yenyewe. Maji lita 2, chumvi kijiko 1 kikubwa, bekingi soda nusu kijiko cha chai. Sio zaidi, ukizidisha unakuja kuisikia mdomoni, ladha ya sabuni.

Hapa ntaeleza taratibu kwa sababu nilisimama juu ya sufuria dakika zote 10 nikiangalia. Kama dakika ya 4 maji yakaanza kuwa na rangi ya manjano hafifu. Dakika ya 7 kona za vipande zikaanza kupoteza ukali, zikawa za mviringo, na ukikichukua kimoja na kijiko unaona juu yake kuna utando kama gundi. Dakika ya 10 nikamwaga kwenye chujio, nikaacha vikae vitoe mvuke, nikavirudisha kwenye sufuria na mafuta nikatikisa mara 8 tu (nimehesabu, baada ya yale ya raundi ya 3). Nilipofunua kila kipande kilikuwa kimevaa koti la uji mzito wa njano, kama vimepakwa viazi vya kuponda kwa mkono. Hakuna kilichovunjika katikati.

Kinachotokea ni kwamba chembe za kiazi zinashikwa pamoja na pektini, ndo simenti yake. Alkali inaivunja pektini haraka, kwahiyo uso wa kiazi unayeyuka kabla ndani hapajawahi kulainika sana. Ukiweka siki ni kinyume chake, asidi inaikaza simenti, kiazi kinabaki na umbo lake hata ukichemsha muda mrefu, ambayo ni nzuri kwa saladi ya viazi ila kwetu hapa ni adui.

Matokeo: nusu ya trei ilikuwa ndoto. Nusu nyingine, ile ya katikati, laini. Nimerundika. Kilo nzima kwenye trei moja ndogo, vinagusana bega kwa bega, mvuke wa huyu unamlowanisha yule. Vile vya pembeni vilikuwa na hewa ndo vikakauka. Dada alikula vya pembeni vyote kimya, alipofika katikati akaanza kuongea.

Raundi ya 5

Trei 2, kila kipande kina nafasi ya kidole kati yake na jirani. Na hapa ndo nilivunja lile sharti la kitu kimoja, kwa sababu pia nimepasha mafuta kwanza. Trei na mafuta yake ndani ya oveni dakika 10, halafu ndo viazi. Vikigusa vinapiga kelele chaaa, hiyo kelele ndo unayoitaka, maana yake maji ya chini yanaondoka papo hapo na kiazi hakipati muda wa kunywa mafuta.

Onyo kwa atakayejaribu: mafuta ya nyuzi 220 hayana utani. Nilidondosha kipande kwa juu kama naweka jiwe mfukoni, tone likaruka likatua kwenye kifundo cha mkono, nina alama hadi leo naandika. Sasa hivi natoa trei nje kabisa naiweka sehemu tambarare, nafunga mlango wa oveni joto lisitoroke, natumia koleo, nalaza kiazi kwa kukielekeza upande wa mbali na mimi. Na viazi visiwe na maji maji yanayodondoka.

Funzo lingine la raundi hii ni kuacha kuchokonoa. Dakika ya 10 nilienda kuvigeuza, vyote vimeng'ang'ania chini, nikavivuta koti likabaki kwenye trei. Trei ya pili nikaiacha mpaka dakika 25, nikapitisha mwiko bapa, vikaachia vyenyewe bila kelele. Ukoko ukishajijenga kiazi kinajibandua, usipokuwa tayari kinabisha. Baada ya hapo dakika 25 hadi 30 nyingine, nageuza mara 2.

Nimepima pia kwa udadisi: kilo 1 imeingia, gramu 640 zimetoka. Hiyo tofauti kubwa ni maji yaliyoondoka (na bado kuna mafuta yaliyoingia ndani ya hiyo hesabu). Nikiangalia hiyo namba ndo naelewa kwanini raundi ya 1 haikuwa na nafasi.

Dada: kimya. Trei zote mbili.

Raundi ya 6, mafuta

Nimegawa trei kwa kuta za foili, vyumba vinne. Alizeti, samli, mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, siagi.

Siagi imetolewa mapema kabisa kwenye mashindano, ina maji na yale mabaki ya maziwa ambayo yanaungua mapema sana, dakika ya 20 kulikuwa na madoa meusi na harufu chungu. Samli ni siagi ileile lakini maji na maziwa vimeondolewa, hiyo imestahimili vizuri na harufu yake imejaza nyumba. Alizeti imetoa ukoko mzuri ila haina la kusema, ladha ni ya kiazi tu, ambayo kwa kweli sio kosa. Mafuta ya ng'ombe yametoa ukoko mgumu kuliko wote, hata vilipopoa bado vilikuwa vinalia, kwa sababu nadhani mafuta yale yakipoa yanaganda tena. Lakini kwa walaji wasiokula nyama hayafai, na harufu haimpendezi kila mtu. Wengine huapa kwa mafuta ya bata, mi sijapata.

Uamuzi: alizeti na samli nusu kwa nusu kwa siku za kawaida. Vijiko vikubwa 5 kwa kilo.

Raundi ya 7, kurudi nyuma

Kila kitu sawasawa na raundi ya 5. Soda ileile, dakika zilezile, trei 2. Vikatoka vigumu, vinang'aa kama vimepakwa nta, koti halikutokea kabisa, na rangi ikawa nyeusi nyeusi kabla havijakauka. Nilikaribia kuitupa hii shajara.

Mambo mawili yaliingiliana. Kwanza aina ya kiazi. Kuna viazi vya unga, vina wanga mwingi, ukichemsha vinachanika chanika, na kuna viazi vya nta, vina maji zaidi na vinashikana, vizuri kwa mchuzi na saladi. Vya raundi hii vilikuwa vya nta na mi nilinunua kwa kuangalia ngozi nzuri. Majina yanabadilika kila nchi (Uingereza utasikia Maris Piper, Marekani Russet, hivyo ni vya unga) ila kuna jaribio la bure kabisa: changanya sehemu 1 ya chumvi na sehemu 11 za maji, kipimo ni kikombe hichohicho, tumbukiza kiazi kizima. Cha unga ni kizito kinazama, cha nta kinaelea. Nimejaribu kwenye ndoo na viazi 6 vilivyobaki, 5 vimeelea. Basi.

Pili niliviweka vibichi ndani ya friji siku 5. Kiazi kibichi kikipata baridi ya friji kinaanza kugeuza wanga wake kuwa sukari, na sukari ikikutana na joto kali inaungua haraka, ndo ile rangi nyeusi. Na kuna sababu nyingine ya kutokupenda hiyo rangi, mwaka 2002 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba vyakula vya wanga vikiokwa au kukaangwa kwa joto kali, kuanzia kama nyuzi 120, vinatengeneza akrilamidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, na kadiri vinavyokuwa vyeusi ndivyo inavyozidi. Kwahiyo rangi ya dhahabu, sio rangi ya mkaa. Siku hizi viazi vinakaa kwenye kikapu, gizani, pasipo joto, na chenye ukijani nakata sehemu yote ya kijani, kikiwa nacho kingi natupa.

Raundi ya 8, wageni

Nilikuwa na wageni 6 nikajiamini. Viazi vya unga (nimevizamisha kwanza, dada ananicheka naogesha viazi), mchana nikachemsha na soda, nikatikisa, nikavitandaza kwenye trei bila kufunika ndani ya friji masaa 4. Hii ya friji haina shida ile ya sukari kwa sababu vimeshapikwa, na faida yake ni kwamba hewa kavu ya friji inanyonya maji ya juu, nilipovitoa koti lilikuwa limekuwa gumu kidogo kama plasta iliyoanza kushika.

Vimetoka oveni saa moja na nusu jioni, vizuri kuliko raundi zote, nimegonga kimoja kwa ukucha kikasikika kok. Wageni hawajafika. Nikafanya nini, nikavifunika na foili visipoe.

Dakika 20. Dakika 20 tu za foili na mvuke wote ulionichukua siku nzima kuufukuza umerudi umekaa juu ya viazi. Vimelowa. Wageni wamesema vitamu, mmoja kaomba maelekezo, mi nilikuwa natabasamu huku moyo unauma. Dada aliongea sana usiku ule.

Vingeokolewa kwa kurudisha oveni dakika 8 bila kufunika, nilijua kesho yake nilipojaribu na vilivyobaki, vikarudi karibu kama mwanzo. Lakini kanuni sasa ni viazi vinasubiriwa, havisubiri. Kila kitu kingine kiwe mezani kwanza.

Kitunguu saumu pia nimekijua hapa. Nikikiweka mwanzo kinaungua kinakuwa kichungu, kwahiyo nakipasha taratibu kwenye mafuta pamoja na rozmari (majani ya kiungo yenye harufu) mpaka kianze kubadilika rangi, nachuja, mafuta yale ndo yanaenda kwenye viazi, na vile vipande vya saumu navirudishia juu mwishoni kabisa na chumvi ya kumalizia.

Raundi ya 9, friza

Swali: naweza kufanya kazi chafu siku moja nikala wiki nzima? Nimechemsha kilo 2 na soda, nimetikisa na mafuta, nimetandaza vikagandishwa kimoja kimoja kwenye trei, halafu ndo nikavitia mfukoni. Ukivitia mfukoni kabla havijaganda vinakuwa jabali moja, usiulize nimejuaje.

Siku ya 3 nimetoa nusu. Bila kuyeyusha, moja kwa moja kwenye mafuta ya moto, na hapa vinarusha zaidi kwa sababu ya barafu kwahiyo nimesimama mbali. Dakika 55 kwenye 225, nimegeuza ya 30 na ya 45. Ukoko mnene kuliko wa siku ileile, una vijitundu vijitundu kama sponji iliyokauka, nadhani barafu imepasua pasua uso zaidi. Ndani pamekuwa pakavu kidogo kuliko ninavyopenda, vipande vidogo hasa vimekuwa ganda tupu. Nusu iliyobaki nitakata vikubwa zaidi raundi ijayo, ukubwa wa yai, maana hivi vya kiberiti friza inavionea.

Dada kala vitatu amesimama palepale jikoni, kauliza tu kama nimebakiza vingine.